Konda, Mama Ndizi na ripo ya wazi

Mi na washkaji zangu wa Kaloleni hapa Arusha tunatengeneza wapiganaji wa gemu za ngumi. Sio gemu zima, injini, yaani programu inayoendesha gemu, tumeikuta, sisi tunachora mtu, tunamwandikia ngumi na mateke yake, tunamrekodia sauti, tunamchorea na sehemu ya kupigania, halafu tunamtoa bure. Tunaye konda wa kifodi, daladala zetu za hapa, anayerusha sarafu, tunaye mama muuza ndizi ambaye mkungu wake ukikupata umekwisha, na tuna steji ya pale Mnara wa Saa, mlima Meru kwa nyuma. Vyote viko GitHub, ule mtandao wa kuwekea kazi za kompyuta, kwenye ripo, yaani folda la mradi pamoja na historia yake yote, wazi, anayetaka anachukua. Vijana wanaotaka kuanza huwa wananiuliza mambo ya kuchora tu, wakati kuchora bana ukikaa nako kunakubali, kinachokula kichwa ni pale unapoiweka kazi hadharani, na hapo hakuna anayeuliza. Basi leo nazungumzia hapo.

Kwa asiyejua hizi habari, injini iliyoanzisha yote inaitwa MUGEN, ilitoka 1999, wenyewe wanajiita Elecbyte, enzi hizo inakimbia kwenye DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani. Ilikuwa ya bure ila kodi zake za ndani, yale maandishi yanayoiendesha programu, hawakuwahi kuzifungua watu wazione. Wakapotea miaka kadhaa, wakarudi 2009, 2011 wakatoa 1.0, 2013 wakatoa beta ya 1.1, halafu kimya. Ndo maana siku hizi wengi tumehamia Ikemen GO, ambayo inasoma wapiganaji walewale wa MUGEN lakini yenyewe iko wazi kabisa, leseni ya MIT, imeandikwa kwa lugha ya programu inayoitwa Go, na inakubali Windows na Linux.

Ukifungua folda la mpiganaji mmoja unakuta vitu vya aina mbili, na tofauti yake ishike sana. Kuna mafaili ya maandishi ambayo hata Notepad inafungua: .def linasema mpiganaji anaitwa nani na vitu vyake viko wapi, .cmd lina vitufe, chini, mbele, ngumi, .cns lina tabia zake zote, akipigwa anaangukaje, teke linakata damu kiasi gani, na .air linapanga picha ipi ifuate ipi na ikae muda gani. Halafu kuna mabonge mawili, .sff lenye picha zote na .snd lenye sauti zote.

Git, ile programu ya kutunza kila badiliko ambayo GitHub imejengwa juu yake, inapenda maandishi. Mtu akiingia kwenye .cns ya konda, kwenye namba 200 ambayo ni ngumi nyepesi, akabadilisha inavyoumiza kutoka 23 kwenda 30, mi naona mstari uleule, naona ni nani, naona saa ngapi ya usiku, namuuliza kulikoni. Lakini .sff kwake ni bonge tu. Ukibadilisha rangi ya kandambili za konda, kandambili tu, linahifadhiwa bonge jipya na la jana linabaki palepale kwenye historia, na la juzi, na la mwezi uliopita, mwishoni mpiganaji wa megabaiti chache anakuwa na ripo ya mamia. Kwahiyo sisi picha tunaziweka zikiwa PNG mojamoja, idle, yaani kusimama tu, kwenye kundi 0, kutembea kundi 20, kupigwa kuanzia 5000, sura ya kwenye menyu 9000, halafu kuna kiprogramu cha Elecbyte wenyewe, sprmake2, kinasoma orodha na kuzishona kuwa .sff. Lile .sff lenyewe tumelifungia kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git isiviguse, haliingii kwenye ripo hata siku moja. Likishakamilika tunalizipu pamoja na vingine tunaliweka kwenye riliz, sehemu ya GitHub ya kuwekea matoleo yaliyokamilika.

Na mipaka yake ijue kabla hujakaa na bando lako usiku. Faili likizidi MB 50 GitHub wanakuonya, likizidi 100 wanalikataa, ukipandishia kwenye brauza mwisho 25. Kwenye riliz ndo unapumua, kila faili linaruhusiwa mpaka karibu GB 2. Na kama ni mara ya kwanza na inakuomba paswedi halafu inaikataa, huna tatizo na kibodi, tangu Agosti 2021 Git haiwezi kuingia GitHub kwa paswedi ya kawaida, tengeneza tokeni au ufunguo wa SSH, vinavyokaa badala ya paswedi, mambo yanaenda.

Kuna mwenzetu yuko Moshi, Pasua, yeye ndo fundi wetu wa steji. Intaneti yake ni hotspot ya simu. Kwake tofauti ya kuvuta historia nzima na kuvuta hali ya leo tu ni tofauti ya kula na kutokula, kwahiyo kwenye maelezo ya ripo yetu mstari wa kwanza kabisa ni git clone --depth 1, amri ya kuvuta hali ya leo tu. Halafu yeye anatumia Linux sisi huku Windows, na hapo kuna kituko kingine: Linux inaona Konda.air na konda.air ni mafaili mawili, Windows inaona ni moja, ukivuta ripo yenye yote mawili unaletewa moja na onyo ambalo hakuna mtu anasoma, halafu mnaanza kubishana kwenye simu kwanini kwake konda anaruka na kwako kaganda. Sasa hivi kila jina ni herufi ndogo, bila nafasi, bila mjadala.

Kwanini GitHub na sio flashi kama zamani? Flashi bado zinazunguka hapa mjini, siwezi kusema uongo, na virusi vyake. Ila tatizo kubwa la hii sanaa ni kupotea. Wapiganaji kibao wa Wajapani walikuwa wanakaa kwenye kurasa za GeoCities ya Japani, Machi 2019 ikafungwa, ukibonyeza linki leo hupati kitu. Megaupload nayo, mtandao wa kuwekea mafaili, ilizimwa Januari 2012, na linki zake zote zikafa siku moja. Kazi inabaki kwenye makolekshen ya watu, mpiganaji yupo lakini faili la maelezo limetolewa, hujui nani alichora, nani aliandika, alisema nini kuhusu kutumiwa. Hilo ndo linaniuma kuliko hata kupotea kwenyewe. Ripo ya wazi faida yake kubwa kwangu sio kuhifadhi, kuhifadhi hata Drive inahifadhi, ni kwamba inajibu nani kafanya nini bila kumtegemea mtu akumbuke.

Sasa tuje kwenye ngoma yenyewe, haki. Wengi wanaanza kwa kumchukua Ryu wa Capcom au Terry Bogard wa SNK, wanatoa spraiti, zile picha za mpiganaji, kwenye gemu, wanaongeza mateke, wanapandisha. Dunia nzima wanafanya hivyo na makampuni mara nyingi yanaangalia pembeni. Ila kuangalia pembeni sio ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwaka uleule MUGEN ilipotoka, cha ajabu, na picha haihitaji kusajiliwa popote ndo ilindwe. Na kwa kuwa GitHub ni ya Marekani, wao wanafuata DMCA, sheria yao ya hakimiliki za kidijitali ya 1998. Mwenye mali akiandika malalamiko juu ya sehemu tu ya vitu vyako, unapewa kama siku moja ya kazi uviondoe, usipoviondoa ripo inafungwa. Na barua ya malalamiko inawekwa hadharani, wana ripo maalum ya hizo barua, ingia usome, ni darasa la bure.

Unaweza kupinga, ndio. Lakini kwenye kupinga unaandika jina lako kamili, anwani, simu, na unakubali kwamba mahakama ya Marekani inaweza kukusikiliza, halafu unasubiri siku 10 mpaka 14 kuona kama yule atafungua kesi. Chalii wa Ngarenaro anayechora kwenye laptop ya kuazima, kwa ajili ya spraiti ambazo hata yeye anajua sio zake! Mi nawaambia msifike huko.

Kinachonichosha zaidi ni mtu anapanga folda lenye spraiti za watu halafu juu anabandika leseni ya MIT kwa sababu GitHub imemwonyesha kimenyu cha kuchagua leseni na yeye kachagua bila kusoma. Unagawaje kitu ambacho sio chako? MIT inamwambia mwingine achukue, auze, afanye chochote, sasa we ulipewa na nani hiyo mamlaka. Na upande wa pili, ukiacha bila leseni yoyote, kila mtu anaona lakini kisheria hakuna aliyeruhusiwa kutumia, zaidi ya kuangalia na kufoki, yaani kujinakilia ripo, hapohapo GitHub.

Sisi tuligawa. Ripo moja ina vyetu tupu, kila mstari na kila picha tumetoa wenyewe, hata mlio wa ngumi ni kandambili kwenye gunia la mahindi, hatukuchukua milio ya gemu za watu ingawa ndo mazoea ya wengi. Humo maandishi yana MIT, picha na milio ina CC BY-NC, leseni ya Creative Commons inayosema tumia na ubadilishe, tutaje, ila usifanyie biashara. Ripo ya pili ni marekebisho tu tuliyowaandikia wapiganaji wa watu wengine, maandishi yetu peke yake bila spraiti hata moja, na maelezo kwamba mpiganaji mwenyewe katafute kwa mwenyewe. Inakera watu wanaotaka kubonyeza mara moja wacheze, najua, wananiandikia kila siku, sibadilishi.

Sauti ya yule mpiganaji mama muuza ndizi ndo ilitufundisha zaidi. Tulitaka mama wa kweli, sio mshkaji anabana pua. Tukaenda Kilombero sokoni, mama mmoja anauza ndizi pale na mdomo wake soko zima wanaujua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mshare au za kupika?"

Tukamweleza, tukamwonyesha kwenye simu yule mchoro unavyotembea. Akaangalia muda mrefu.

"Kwahiyo hapa napigana?"

"Ndio mama."

"Na nani?"

"Na yeyote, hata Wazungu."

"Na nashinda?"

"Inategemea aliyekushika mama."

Akacheka mpaka jirani yake akaja kuangalia. Halafu akawa siriasi ghafla: "Haya, nitasema. Ila msiniweke natukana, wajukuu zangu wana simu." Tukarekodi pale pale nyuma ya meza yake, "haya njoo hapa", "umeniona mimi wa bei hiyo?", na ule ukelele wa kuanguka ambao hatukumfundisha. Tukamlipa alichotaka na mkungu tukanunua kwa bei yake bila kupunguza hata mia.

Tulipofika nyumbani ndo ubishi ukaanza. Dogo mmoja akasema tuiweke na hizo sauti kwenye CC kama vingine. Nikamwambia soma vizuri, leseni za CC hazirudishwi, ukishatoa umetoa, aliyechukua kwa masharti yale anaendelea nayo hata wewe ukibadilisha mawazo kesho. Na mtu akiikatakata ile sauti akaunga maneno mengine, leseni haimkatazi, ilimradi haiuzi na kakutaja. Mama alisema asitukane. Alisema nasi, hakusema na dunia. Kwahiyo sauti zake ziko kwenye folda lake, na faili la masharti kwa Kiswahili na Kiingereza: zitumike kwa huyu mpiganaji tu, zisikatwe, anayetaka kingine atuulize. Najua faili la maandishi halimshiki mtu mkono. Ila ukitaka kuja kulalamika baadaye lazima uwe ulisema mwanzo.

Na kuna mtu kweli alikuja kuuliza, anatengeneza gemu la mieleka huko kwao, akataka ule ukelele. Tukarudi sokoni kumuuliza mwenyewe. Mama akasema huyo mtu aje anunue ndizi kwanza. Tulimtafsiria jamaa kama ilivyo, akajibu kwa vicheko, hakuutumia.

Jambo lingine dogo ambalo sio dogo: kila komiti, yaani kila badiliko unalohifadhi kwenye Git, inabeba jina na imeili yako, na ripo ikiwa wazi yeyote anazisoma. Tuna madogo wa sekondari wanaochora na sisi, hatutaki imeili zao zitapakae kote. GitHub wana mpangilio wa kuficha, wanakupa anwani yao ya noreply badala ya yako, unaiweka kwenye git config, mipangilio ya Git, kabla hujaanza, kabla, maana ukishakomiti na ukapushi, yaani ukaipandisha, inabidi uandike historia upya kwa git filter-repo, na aliyekwishavuta kwake bado anayo ya zamani. Vivyohivyo na picha. Steji ya Mnara wa Saa fundi wetu alichora juu ya picha aliyopiga mwenyewe, kifodi kimepaki pembeni, namba za gari zinasomeka kabisa na kioo cha nyuma kina namba ya simu ya tajiri. Tulizifuta kwenye picha hapohapo kwenye laptop yake kabla haijagusa ripo. Akaandika namba ya uongo na maneno "Haraka ya Nini" kwenye kioo, na kusema kweli imependeza kuliko ya mwanzo. Ukicheza angalia vile mlima unavyosogea kidogo sana nyuma wakati kifodi kinakimbia na kamera, ni namba moja tu kwenye faili la steji inaitwa delta, mlima kaupa 0.1 na kifodi 1, lakini alikaa nayo mpaka akaridhika.

Sasa raha ya kuwa wazi. Konda alikuwa na goti, ukimpiga mtu nalo anaduwaa, ukirudia anaduwaa tena, kona ikimshika mtu hatoki mpaka damu iishe. Hapa Kaloleni tulikuwa tunaona ni ustadi. Akatokea Mbrazili, kule mashabiki wa MUGEN wamejaa, akatuma marekebisho na maelezo marefu ya Kireno, tukayapitisha kwenye kitafsiri tukaelewa nusu, ila kodi ilijieleza: ground.hittime ya goti, ule muda wa kuduwaa, kaishusha kutoka 20 kwenda 14, mstari mmoja, basi. Aliyepigwa anazinduka mapema kidogo, anaweza kuzuia. Washkaji wengine waliwaka, huyu wa nje anamgusaje konda wetu, kwao makonda wakoje kwanza. Tukacheza nayo jioni nzima kwa zamu na umeme ukakatika katikati, ukarudi, tukaendelea. Ilikuwa bora. Tukaipokea na jina lake liko kwenye orodha ya waliotengeneza, mstari wake umesimama na wetu.

Asiyekubali mpaka leo ni kaka mmoja mwenye kibanda cha gemu Ngarenaro. Yeye alimchukua konda mapema sana, kamweka kwenye kompyuta zake, mia mbili kwa mechi. Nilienda kuongea naye ile habari ya kutofanyia biashara.

"Dogo," akaniambia huku anamchomolea mtu pedi, "mi siuzi gemu lenu. Nauza umeme na kiti."

Nilicheka, ila hoja yake ni ya kubishaniwa na sikutaka tubishane. Mwenye haki anaweza kumpa mtu ruhusa ya peke yake nje ya leseni, na hapa wenye haki ni sisi wote tuliotengeneza, kwahiyo tukakaa, tukakubaliana, tukamwandikia karatasi, achezeshe bila kututoa chochote, jina la ripo libaki kwenye skrini, na sauti za mama zikae kwa masharti ya mama. Akasaini. Nikamwambia nitamletea konda mpya.

"Yupi, huyo mliyemfunga goti? Abaki nalo Mbrazili wenu. Wateja wangu wanamtaka yule anayeua."

Nikamwambia sawa. Matoleo ya zamani yako yote kwenye riliz, hatujafuta hata moja, lile la goti ni v0.4, na kompyuta yake ikizingua anajua pa kulivuta. Juzi nimeangalia nikakuta linapakuliwa kuliko jipya, na sidhani kama wote ni wa Ngarenaro.